Swali la Mwalimu wa Mwaka wa Sita

Wapenzi wasikilizaji wa mji wa Likasi, ninyi wa Kikula na Panda, ninyi wa Shituru na wa komini ya Likasi, mazungumzo haya ni yenu. Nawe ambaye hukuwa karibu na redio, unayeyapata mazungumzo haya kwenye karatasi, ni yako pia. Kama una jirani asiyejua kusoma, tafadhali msomee.

Leo sitawapeleka kwenye baraza la wakubwa wala kwenye meza ya mapatano. Nataka tuingie pamoja katika darasa la mwaka wa sita wa msingi. Labda utaniuliza: amani ya nchi na kaye za watoto, wapi na wapi? Nisikilize kidogo, utaona.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimemaliza karibuni masomo ya sheria chuo kikuu, nami nilianza kazi hii ya kuwaeleza wananchi haki zao na wajibu wao. Shule moja ya mji wetu ilinialika nizungumze na watoto wa mwaka wa sita. Walikuwa wengi, wanne kwenye benchi moja, na hesabu ya asubuhi ilikuwa bado ubaoni. Mfukoni nilikuwa na Katiba ya nchi yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, na nilikuwa nimetia alama kwenye kifungu cha 13. Kifungu hicho kinakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa, katika elimu au katika jambo lingine lolote, kwa sababu ya dini yake, ukoo wake, mahali anapokaa au kabila lake.

Nikafikiri: nianze na jambo rahisi ili watoto wachangamke. Nikauliza, "Kila mmoja aniambie, wewe ni wa kabila gani?"

Wasikilizaji, lile lilikuwa kosa langu, na leo nakiri mbele yenu. Wachache walijibu kwa sauti kubwa, wakicheka. Wengine walitazama chini. Mtoto mmoja alitaja kabila la mama yake, na rafiki yake akamkatiza: "Mwongo, wewe si wa huko!" Kwenye benchi ya dirishani alikaa msichana ambaye familia yake ilikimbia vita upande wa Mitwaba. Yeye hakujibu kitu. Alifunika kaye yake kwa mikono miwili, kana kwamba nilitaka kumnyang'anya. Nilikuja na Katiba mfukoni, lakini kwa swali moja niligawanya darasa zima.

Mwalimu wao alikuwa mama wa makamo. Alisimama pole pole, akaniambia kwa heshima, "Papa, unipatie dakika mbili." Akafuta ubao, akaandika maswali matatu: Nani katika jamaa yenu alifika Likasi kwanza? Alipita njia gani? Alikuja kufanya kazi gani? Kisha akawaambia watoto, "Leo msijibu. Nendeni mkawaulize wazee nyumbani. Asiye na mzee hapa amwulize mtu mzima anayemlea. Na kama ni wewe mwenyewe uliyefika kwanza, utatueleza njia yako."

Siku ya tatu nilirudi. Safari hii niliketi nyuma kama mwanafunzi. Mwalimu alihesabu watoto, moja hadi sita, na kila namba ikawa kikundi chake. Hivyo hakuna aliyechagua wa kwao, na hakuna aliyeachwa nje. Kila kikundi kilipewa karatasi kubwa. Watoto walichora njia za wazee wao wakitazama ramani iliyokuwa ukutani. Walipima njia kwa rula, wakatumia kipimo cha ramani kutafuta kilometa. Walijadiliana kwa Kiswahili, kisha wakaandika sentensi tano kwa Kifaransa. Somo lilikuwa moja, lakini ndani yake mlikuwa na jiografia, historia, hesabu na lugha.

Na karatasi zile zilisema nini? Zilionyesha mji wetu jinsi ulivyozaliwa. Babu wa mmoja alitoka Kasai kwa treni. Babu wa mwingine aliletwa kutoka Rwanda na Union Minière, ile kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo ilitafuta wafanyakazi mbali kwa ajili ya shaba. Bibi wa mwingine alitoka Kasenga juu ya lori la samaki. Mwalimu akaeleza: reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Ilebo. Katika njia hiyo walikuja watu wengi waliojenga Likasi, ambayo zamani iliitwa Jadotville. Mtoto mmoja, Msanga, akasimama na kusema, "Babu yangu hakuja. Alikuwa hapa. Yeye ndiye aliyewaona wengine wakifika." Darasa lote likampigia makofi. Na ni kweli: kabla ya kampuni yoyote, wenyeji wa nchi hii walikuwa wakichimba shaba na kuiyeyusha wenyewe.

Kisha ikaja karatasi iliyokuwa na mistari miwili juu ya reli ile ile. Mstari mmoja ulitoka Kasai kuja Likasi, mwingine ulitoka Likasi kurudi Kasai. Mvulana akasema, "Huu ni wa babu, alipokuja kutafuta kazi. Huu ni wa bibi, walipofukuzwa." Darasa likawa kimya. Nilidhani mwalimu angepita haraka. Hakupita. Akamwambia, "Andika na mwaka." Mvulana akaandika: 1993.

Wazee mnaonisikiliza, ninyi mnakumbuka kuliko mimi. Mwezi wa Agosti 1992 Konferensi ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Hapa katika Shaba, kama jimbo letu lilivyoitwa wakati ule, maneno ya siasa yaligeuka kuwa maneno ya kabila, na maneno ya kabila yakageuka kuwa mawe na moto. Katika mji huu jirani alimfukuza jirani. Maelfu kwa maelfu ya watu wa asili ya Kasai walilala pale gare na ndani ya majengo ya shule, wakingoja treni kwa majuma na kwa miezi. Wengi walikufa kwa magonjwa, na watoto walikuwa wa kwanza. Mwaka 1993 yakafika Kolwezi pia.

Tufikiri jambo moja ambalo halisemwi sana. Familia zinapolala darasani, hakuna mtoto anayesoma humo, wa mkimbizi wala wa mwenyeji. Tena walimu wengi wa mji huu walikuwa watu wa Kasai. Basi aliyemfukuza mtoto wa jirani alimfukuza pia mwalimu wa mtoto wake mwenyewe. Chuki haijui kuchagua. Ukiwasha moto kwenye nyumba ya mwenzako, upepo ndio unaoamua utafika wapi.

Nirudi darasani. Wa mwisho alikuwa yule msichana wa dirishani. Mstari wake ulikuwa mfupi kuliko mingine. Ulianza kijijini, ukapita Mitwaba, ukaishia Likasi. Juu yake aliandika: kwa miguu, halafu lori. Hakutaka kueleza. Mvulana wa kikundi chake akamwuliza swali la kitoto kabisa: "Njiani mlikula nini?" Akajibu, "Mihogo mibichi. Na mdogo wangu nilimbeba mimi." Mvulana akasema, "Mwenye kubeba mtoto njia yote hiyo ana nguvu kuliko babu yangu, yeye alikuja ameketi kwenye treni." Watoto wakacheka, na msichana akacheka nao. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba tangu mtoto yule afike, siku ile ndiyo aliyomsikia akijibu kwa sentensi nzima.

Ndugu msikilizaji, linganisha maswali mawili. Swali langu, "Wewe ni wa kabila gani?", lilimwambia mtoto: kaa upande wako. Swali la mwalimu, "Mlipita njia gani?", lilimwambia: tueleze, tunakusikiliza. Sisemi kabila ni kitu kibaya. Kabila ni mlango wa nyumba yako. Una jina lake, nyimbo zake na chakula chake. Lakini darasa ni uwanja wa kijiji, na uwanjani hakuna anayeulizwa alitoka kwa mlango gani kabla ya kuruhusiwa kucheza.

Sasa tufanye nini? Nitataja mambo manne.

La kwanza ni kwako, baba au mama uliyehama kwa sababu ya vita. Usimweke mtoto nyumbani ukingoja mambo yatulie. Katika mwaka wa sita kila juma lina uzito, kwa maana mwisho wake kuna mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi. Kama bulteni iliungua au ilipotea njiani, nenda kwa direkta umweleze, umwombe ampime mtoto na kumweka darasa linalomfaa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni lazima, tena ni bure katika shule za serikali. Na bure hiyo ilianza kutekelezwa nchini Septemba 2019. Kifungu cha 45 kinafungua shule za taifa kwa kila mtu bila kumbagua kwa mahali alipotoka. Tena Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, katika kanuni ya 23 zinataka mtoto aliyehama asome shule ya msingi bila malipo, na utamaduni wake na lugha yake viheshimiwe. Ukikataliwa, usigombane mlangoni. Nenda kwa kamati ya wazazi, kisha ofisi ya elimu, ukiongozana na chifu wa kartie awe shahidi.

La pili ni kwako, mzazi mwenyeji. Mtoto hazaliwi na dharau, anaiokota mezani kwako. Mkikaa kula bukari, nawe ukasema "wale wakuja wametujalia", kesho asubuhi neno hilo litaketi kwenye benchi ya shule. Najua maisha ni magumu, na madarasa yamejaa. Hasira yako kuhusu benchi chache ni ya haki. Lakini mpelekee mwenye wajibu wa kununua benchi, usimpelekee mtoto anayetafuta pa kukaa.

La tatu ni kwenu, wakubwa wa komini, machifu wa kartie na viongozi wa dini. Familia ngeni ikifika, iandikeni kwa majina na mahitaji yake, na mwulizeni mapema: watoto wenu walikuwa darasa la ngapi? Msikubali orodha za wanafunzi au za walimu zitengenezwe kwa kabila, hata anayeziomba akiwa mtu mkubwa. Ikitokea tena watu wakalala katika shule, watafutieni upesi mahali pengine, kwa sababu shule iliyofungwa inawaadhibu wote. Na wakati wa kampeni za uchaguzi, lindeni uwanja wa shule usiwe mahali pa matusi.

La nne ni kwenu, walimu, nanyi ndio ninaowaheshimu zaidi katika mazungumzo ya leo. Mshahara wenu ni mdogo na kazi ni nyingi. Hata hivyo kuna mambo yasiyohitaji franka hata moja. Pangeni vikundi kwa namba, na kila mwezi vibadilike. Zamu ya kufagia na kuchota maji isiwe adhabu ya wageni. Mtoto akikosea Kifaransa, sahihisheni neno, msisahihishe asili yake. Akileta mwaka mzito kama ule wa 1993, msimfiche. Mwambieni aandike tarehe, kisha darasa liendelee. Jambo lililoandikwa ubaoni mbele ya wote halina nguvu ya kunong'onezwa gizani.

Kabla sijamaliza, ninawapa kazi ya nyumbani, ninyi watu wazima. Leo jioni, mtakapoketi karibu na mbabula, waiteni watoto. Wajibuni yale maswali matatu: nani alifika kwanza, kwa njia gani, kwa kazi gani. Kama jamaa yenu ilikuwa hapa tangu zamani, elezeni mliowaona wakifika na jinsi mlivyowapokea. Kama ninyi ndio mliofika juzi, msione haya, semeni njia yenu yote, na mihogo mibichi pia. Kesho watoto watakutana darasani wakiwa na habari za kupeana, wala hawatatafuta majina ya kuitana.

Mimi bado nina ile Katiba, na kifungu cha 13 bado kina alama. Lakini tangu siku ile siingii darasa lolote kabla sijamwuliza mwalimu swali gani linafaa kuanza nalo.

Kaeni kwa amani, na watoto walale mapema, kesho kuna shule.