Udongo na Mianzi



Katika siku hizi za ukumbusho twasimuliana habari za darasa letu la kwanza, lililojengwa kwa miti na udongo, likaanguka wakati wa masika. Tangu hapo tumezoea kusema, "Udongo ni kitu cha maskini." Tukitaka kujenga twangoja fedha za saruji, na watoto wangoja pamoja nasi chini ya mti. Leo twauliza neno moja: kosa lile lilikuwa la udongo, au la mikono yetu?

Sikilizeni habari za Rudrapur, kijiji cha kaskazini ya Bangladesh, nchi yenye mvua nyingi kuliko kwetu. Huko, mwaka 2005, ilijengwa shule ya orofa mbili: ya chini kwa udongo, ya juu kwa mianzi. Ramani yake ilitungwa na Anna Heringer, mwanamke wa Ujerumani, naye Eike Roswag alimsaidia katika ujenzi. Lakini waliojenga ni watu wa kijiji wenyewe. Mwaka 2007 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo.

Basi walifanyaje? Kwanza walichimba msingi wa sentimeta 50, wakaujenga kwa matofali ya kuchoma, na juu yake wakatandika kitu cha kuzuia unyevu usipande ukutani. Kisha walichanganya udongo na maji na majani makavu ya mpunga, ukakanyagwa sana kwa miguu ya wanyama. Ukuta waliupandisha safu kwa safu, kila safu kimo cha sentimeta 65. Baada ya siku chache waliichonga kwa sepetu kali iwe sawa, wakaiacha ikauke kiasi cha juma moja, ndipo wakaweka ya pili. Hawakufanya haraka. Mwisho walilitokeza paa mbele ya kuta, mvua isizipige.

Mianzi nayo ina desturi zake. Ulio mchanga haufai. Hukatwa uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi. Tena una wanga ndani yake, na wadudu huupenda. Kwa hiyo hutiwa dawa, kama maji ya boraksi, kisha hukaushwa kivulini. Asiyefanya hivyo asiulaumu mwanzi ukigeuka unga.

Sasa tulikumbuke darasa letu. Nguzo tulizichomeka katika ardhi yenye maji, msingi haukuwako, paa lilikuwa fupi. Je, lingesimamaje?

Hatusemi kwamba saruji ni mbaya; mahali pengine yahitajiwa. Lakini fedha ya saruji huondoka kijijini, bali ujira wa fundi wa udongo hubaki na kulisha watu wetu. Tena utengenezaji wa saruji hutoa kiasi cha asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu, ile izidishayo joto la dunia.

Walimu, twawaomba: kabla ya kujenga darasa jingine, nendeni na watoto mkazitazame nyumba za udongo zilizosimama na zilizoanguka. Tazameni miguu yake na paa zake, mkaandike mliyoyaona. Udongo haukutuaibisha, sisi tuliusimamisha majini bila viatu, na mvuani bila kofia.