Ngumi ya Dakika ya 70: Vurugu na Adhabu katika Mechi za Vyuo, Masasi na Newala

Mada kwa waamuzi, makocha na walezi wa michezo wa vyuo



Kauli yangu ni moja, na huenda ikatuudhi sisi wenye filimbi. Ngumi inayorushwa dakika ya 70 katika mechi ya vyuo huwa imeanza kupikwa dakika ya 10, pale beki alipomkanyaga mtu kisigino na mwamuzi akapunga mikono, "Cheza!" Aliyekanyagwa hakuona faida yoyote aliyopewa. Aliona amedhulumiwa, akaishika sura ya mtu wake, akasubiri.

Ukanda wetu una Chuo cha Ualimu Kitangali, vyuo vya maendeleo ya wananchi Masasi na Newala, na vyuo vya afya. Wachezaji wake si watoto. Wanalala bweni moja, wanakula pamoja, na habari ya uwanjani hufika bwenini kabla ya timu kufika. Mashindano ya UMISAVUTA, yale ya vyuo vya ualimu, huwa na waamuzi waliopangwa na kamati ya kusikiliza malalamiko, kwa hiyo leo sitayazungumzia sana. Kinachonisumbua ni mechi za kirafiki na bonanza za Jumamosi, ambako mwamuzi wa kati ni mwalimu wa chuo mwenyeji na vibendera vimeshikwa na wanafunzi wawili wenye goti bovu. Mifano nitakayotoa inatoka huko, na sitataja chuo.

Kwanza, mazingira. Wageni wamepanda mlima kutoka Masasi wakiwa wamesimama kwenye lori, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na mechi inaanza saa tisa alasiri. Habari ya maji Newala hakuna asiyeijua: yanapandishwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni Kitangali, na pampu ikigoma mji mzima unahesabu ndoo. Timu imekuja na dumu moja la lita 20, limekwisha mapumziko. Kipindi cha pili nimeona kikigeuka mieleka, na hakuna aliyewaza kwamba wachezaji wale walikuwa na kiu tu. Mwenyeji anayeandaa mechi aandae maji ya timu zote mbili. Ni jambo dogo, lakini naliweka mbele ya mafunzo yoyote ya nidhamu.

"Waache wamalizane"

Hoja hii naisikia hata kwa makocha ninaowaheshimu: vijana wakikunjana, waachwe kidogo, hasira itoke, mechi iendelee. Wenye hoja hiyo wana ndugu zao mbali sana na hapa. Marekani na Kanada kuna hoki ya barafu, mchezo wa watu wanaoteleza kwa viatu vyenye chuma, fimbo mkononi, wakigombea kisahani kigumu cha mpira. (Hata Nairobi upo: vijana wa Ice Lions wamekuwa wakiucheza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari.) Katika ligi ya kulipwa ya NHL, wachezaji wawili wakitupa glavu na kuzichapa, waamuzi kwa kawaida husubiri mmoja aanguke au wachoke, kisha kila mmoja hukaa nje dakika 5 na kurudi uwanjani. Watetezi wa utaratibu huo wanasema wachezaji wanajilinda wenyewe: mcheza rafu anaogopa kipigo kuliko adhabu.

Sasa angalia mchezo huohuo ukichezwa na vyuo vya Marekani chini ya chama chao cha NCAA. Anayepigana anatolewa na kukosa mechi inayofuata. Akirudia msimu huohuo, anakosa mbili. Barafu ni ileile na fimbo ni zilezile, na wengi wa wachezaji wale wanaota kwenda NHL. Lakini ngumi katika hoki ya vyuo ni nadra, na mchezo haujafa kwa kuzikosa. Kwa hiyo anayesema vijana hawawezi kucheza kwa nguvu bila kupigana ana kazi ya kutueleza wale wanawezaje.

Hata NHL yenyewe haikuacha mlango wazi. Mchezaji wa tatu anayeingilia ugomvi wa wawili hutolewa, na wa kwanza kuruka kutoka benchi kwenda kupigana hufungiwa mechi 10. Waliona kuwa wawili wanaogombana huachanishwa, ila akiingia wa tatu mambo hayashikiki tena. Kwetu wa tatu ni kipa wa akiba, dereva wa lori, na mzee mmoja mwenye fimbo ambaye hata hajui timu gani ni ya mjukuu wake. Nawaomba makocha: ugomvi ukizuka, kazi yenu ya kwanza ni kulikalisha benchi lenu. Na mjue kwamba tangu 2019 kadi zinaonyeshwa hata kwa maofisa wa timu. Fujo ikitokea benchini na mhusika asijulikane, anayepewa kadi ni kocha mwandamizi aliye kwenye eneo la ufundi. Wengi hawajaisoma sheria hiyo.

Penati ambayo hakuna aliyeiamini

Hapa nitakaa, maana ndipo waamuzi wetu wanapoanguka.

Kona imepigwa, kipa ameudaka mpira na kuupiga mbali, wachezaji wote wamegeuka kuukimbilia. Nyuma yao, ndani ya eneo la penati, beki wa kati anamzaba mshambuliaji kofi la shingo. Mpira wakati huo uko karibu na goli la upande wa pili, bado unachezwa. Mshika kibendera ameona, anapeperusha. Mwamuzi anasimamisha mchezo, anakimbia mita 60 kurudi, anatoa kadi nyekundu, kisha anaonyesha nukta ya penati. Uwanja mzima unalipuka: "Mpira uko kule, penati ya nini?"

Mwamuzi yule alikuwa sahihi kabisa. Sheria ya 12 haiulizi mpira ulikuwa wapi. Inauliza kama mpira ulikuwa unachezwa, na kosa lilifanyika wapi. Kumpiga mpinzani ni kosa la adhabu ya moja kwa moja, na likifanywa na beki ndani ya eneo lake la penati, ni penati, hata mpira ungekuwa kwenye kibendera cha kona ya mbali. Geuza kidogo: mpira umetoka nje pembeni, kisha kofi likapigwa. Kadi nyekundu inabaki, penati hakuna, na mchezo unaanza kwa mpira wa kurushwa kama ilivyokuwa. Tofauti ni sekunde mbili, na ndizo sekunde ambazo mashabiki huwa hawazioni. Ndiyo maana mwamuzi, kabla ya kugusa kadi, amfuate mshika kibendera na kumuuliza mambo matatu: nani, kosa lilifanyika wapi, na kama mpira ulikuwa bado unachezwa. Aulize mbele ya watu wote, wamwone anauliza. Mwamuzi anayekimbilia nukta ya penati bila kuongea na mtu anaonekana ameamua kutoka nyumbani.

Na hapo narudi kwenye dakika ya 10. Katika tukio hilo nililoliona, mshambuliaji alikuwa amemsukuma beki yule mgongoni kwenye kona tatu mfululizo, na filimbi haikulia hata mara moja. Beki akaadhibiwa kwa haki, na aliyemchokoza akaondoka shujaa. Filimbi moja kwenye kona ya kwanza, na onyo la mdomo kwa wote wawili, vingetosha.

Utani na matusi

Mwamuzi mgeni wa huku kusini atapata tabu na utani. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanaongea uwanjani maneno ambayo kwingine yangepeleka watu polisi, na wanaoambiana wanacheka. Sheria inamtaka mwamuzi atoe kadi nyekundu kwa lugha ya matusi au ya kudhalilisha. Je, mtani akimwambia mtani wake atamzika bila sanda? Mimi naangalia aliyeambiwa. Akicheka, mchezo uendelee. Akinyamaza na kuangalia chini, nawaita wote wawili. Lakini utani ukielekezwa kwa kijana wa Mara au Tanga aliyepangiwa kusoma huku, huo kwake ni tusi, na mwenye kutania anajua. Hakuna kisingizio cha mila hapo.

Tukumbuke pia kwamba kadi zenyewe zilizaliwa kwa ajili ya watu wasioelewana. Katika Kombe la Dunia la 1966, Wembley, mwamuzi Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, naye akagoma kutoka kwa dakika kadhaa huku kila mmoja akisema lugha yake. Mwingereza Ken Aston, aliyesimamia waamuzi, akapata wazo kutoka kwenye taa za barabarani, na Mexico 1970 kadi zikaanza kutumika. Rangi inaeleweka hata na asiyejua Kiswahili cha mwamuzi.

Baada ya filimbi ya mwisho

Machi 2012, Dar es Salaam, mwamuzi Israel Nkongo alishambuliwa na wachezaji wa Yanga katika mechi dhidi ya Azam baada ya kutoa kadi nyekundu. Wachezaji kadhaa walifungiwa, kwa sababu kulikuwa na ripoti na kulikuwa na chombo cha kuisoma. Kwenye bonanza zetu hakuna ripoti. Lori likishuka mlima, kesi imekwisha, na kijana aliyempiga mwenzake teke la mgongo Jumamosi anapangwa tena Jumamosi ijayo. Wakati mwingine inakuwa kinyume: chuo kinamsimamisha masomo wiki mbili bila kusikia upande wake, kwa kosa ambalo uwanjani lingemnyima mechi moja.

Napendekeza mechi zote za vyuo, hata za kirafiki, ziwe na karatasi moja ya mwamuzi yenye dakika, namba ya jezi, kosa na mahali lilipofanyika, kama mpira ulikuwa unachezwa, na nani aliona. Nakala moja iende kwa mlezi wa kila chuo siku hiyohiyo. Mwenye kadi nyekundu ya ukatili akose mechi inayofuata popote itakapochezwa, na adhabu ya chuo, kama ipo, isubiri karatasi hiyo. Kwa utovu mdogo, kama kubishana na mwamuzi, sheria za 2017 ziliruhusu mpira wa ngazi ya chini na wa vijana kumtoa mchezaji kwa dakika kadhaa kisha akarudi. Wenzetu wa netiboli wanaifahamu: dakika 2 nje, mtu anapoa, anarudi. Ruhusa ya soka lazima itoke kwa chama cha taifa, na barua ya kuiomba inaweza kuandikwa leo kabla ya chakula cha mchana, ipitie chama cha soka cha mkoa wa Mtwara, MTWAREFA.

Karatasi za mfano ziko mezani kwa katibu. Kila kundi lichukue moja, lichague tukio ambalo wajumbe wake walilishuhudia, na lijaze kuanzia kosa la kwanza la mechi hiyo, sio kuanzia ngumi.