NANI HUWAANDIKA KAZI WATUMISHI WA BUNGE?



Tumeombwa tueleze jambo lisilozungumzwa sana mikutanoni. Jinsi Mbunge apatikanavyo sote twaijua: twapanga mstari, twapiga kura, kura zahesabiwa. Lakini katika Bunge letu la Nairobi wamo watu wengine ambao hatukuwapigia kura. Yuko Karani, mshauri wa Spika katika kanuni. Wako waandishi wa Hansard, wanaoandika kila neno lisemwalo. Wako wanasheria watungao maneno ya miswada, wataalamu wanaopitia makadirio ya fedha za Serikali, wakutubi, wafasiri na walinzi wa milango. Wabunge 349 na Maseneta 67 huja na kuondoka. Watumishi hawa hubaki. Je, huandikwa kazi na nani?

Tangu uhuru mwaka 1963 hata kufikia miaka ya 1990, walihesabiwa katika utumishi wa Serikali. Maana yake nini? Mbunge alipaswa kuikagua Serikali, na mtumishi aliyemtayarishia karatasi zake alingojea cheo na mshahara kwa Serikali hiyo hiyo. Hata awe mwaminifu namna gani, mtu huyo atatoaje karatasi itakayomwudhi mkubwa wake?

Mwaka 1999 Katiba ilibadilishwa kwa mswada ulioletwa na Mbunge Peter Oloo-Aringo, ikaundwa Tume ya Huduma za Bunge. Sheria yake ikafuata mwaka 2000, na Katiba ya mwaka 2010 ikaithibitisha tume hiyo katika kifungu cha 127. Mwenyekiti wake ni Spika wa Bunge la Kitaifa. Wabunge na Maseneta humo ni saba: wanne wa upande unaotawala, watatu wa upinzani. Huongezwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wasio wabunge, wenye ujuzi wa mambo ya umma. Tume hii ndiyo huweka nafasi za kazi, huajiri na huwasimamia watumishi. Makarani wakuu wawili, wa Bunge la Kitaifa na wa Seneti, haiwezi kuwaweka peke yake. Sharti kila mmoja akubaliwe na Nyumba yake. Kwa majirani zetu wa Tanzania mambo ni mengine: Katibu wa Bunge huteuliwa na Rais.

Watumishi wengine hupatikana hivi. Nafasi hutangazwa, mwombaji hupeleka maombi na vyeti vyake, majina huchujwa, na wanaofaa huitwa kuhojiwa. Kifungu cha 232 cha Katiba chataka ushindani wa haki na ustahili, na nafasi sawa kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote, na kwa watu wenye ulemavu.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Sasa tuseme kweli kati yetu. Wengi wa wajumbe wa tume ni wanasiasa, na mwanasiasa ana ndugu, ana jimbo, ana marafiki waliomfanyia kampeni. Na sisi wenyewe twamjaribu. Kijana akimaliza masomo, baba yake hufunga safari kwa Mbunge: “Mheshimiwa, mtazame mwanao.” Mwingine husema mkono mtupu haulambwi, akauza mbuzi. Tukifanya hivyo, tusimlaumu mtu mwingine haki ikipotea.

Wako wanachama watakaouliza: chama kikipata wabunge wengi, kwa nini kisiwape watu wake kazi hizo? Jibu letu ni moja. Kadi ya chama si cheti cha kazi. Mwandishi wa Hansard huandika maneno ya mpinzani kama yalivyo. Karani hutafuta kanuni inayomlinda mbunge aliye peke yake. Leo tukiwajaza watu wetu, kesho wenzetu watawajaza wao. Na siku tutakapokuwa wachache Bungeni, tutamhitaji sana Karani asiyeuliza kadi.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, kila tawi lisome matangazo ya kazi na kuyabandika mahali pa wazi, hata yule asiye na jamaa Nairobi ayaone. Pili, asiwepo wa kutoa hata senti moja kununua kazi. Anayeombwa hongo akashitaki. Tatu, vijana wajiandae. Kifungu cha 120 kimeifanya Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Anayekiandika Kiswahili sawasawa, au aliyejifunza ishara, ana ujuzi unaotakiwa pale. Msikidharau Kiswahili kwa kuwa mmekizoea nyumbani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuwafundishe watoto wetu kuinama juu ya vitabu, wasiiname mbele ya mlango wa mkubwa.