Ajali Ikitokea, Nani Aseme?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Sisi tu wafanya kazi wa reli, na elimu yetu ni ile ya shule ya misheni. Lakini kwa muda sasa tumekuwa tukisoma jioni habari za uhusiano mwema, yaani kazi ya kusema na watu kwa niaba ya kampuni, serikali au chama. Sehemu moja imetugusa sana, nayo ni namna ya kusema wakati wa msiba.

Wengi wenu mwakumbuka siku ile mwenzetu alipobanwa mguu kati ya mabehewa mawili. Wakubwa walinyamaza siku mbili. Nasi wa chama tulinyamaza, kila mtu akimngojea mwenzake. Ruiru ilisemwa kwamba wamekufa watu watatu. Thika ilisemwa kwamba dereva alikuwa amelewa. Mke wa majeruhi aliambiwa sokoni kwamba amefiwa, na kumbe mume wake yu hai hospitalini. Ndugu, wakubwa walikosa, lakini na sisi tulikosa.

Basi jambo la kwanza tulilojifunza ni hili: ukinyamaza, wengine watasema badala yako, na yule mdogo ambaye hayupo ndiye atakayetwishwa lawama.

Jambo la pili ni kwamba uongo ni mbaya kuliko kunyamaza. Mnajua habari za Hola, karibu na mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa walitolewa kambini kwenda kulazimishwa kazi, wakapigwa, na 11 wakafa. Serikali ya ukoloni ilitangaza kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Daktari walipopasua maiti, majeraha yakaonekana. Mwezi wa Julai jambo hilo likawaka moto katika Bunge la Uingereza. Njia ya mwongo ni fupi.

Jambo la tatu ni kutokisia hesabu. Katika shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Wakuu walisema washambulizi ni 10 mpaka 15. Baadaye ilionekana walikuwa wanne. Mtu akikosea hesabu mara moja, kesho hasadikiwi hata akisema kweli.

Lakini wako waliofanya vyema. Mwaka 1982, katika Chicago, watu saba walikufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson haikujificha. Iliwaonya watu wasivitumie, ikarudisha chupa kama milioni 31 kutoka madukani, kisha ikaviuza tena katika chupa zilizofungwa kwa namna ya usalama. Ilipata hasara kubwa, lakini watu waliiamini tena. Yaani maneno mazuri hayatoshi. Lazima yafuatwe na tendo.

Sasa sisi tufanye nini? Twaomba mkutano huu ukubali haya:

1. Thika ichague mtu mmoja wa kusema, na Ruiru mmoja, kabla ya ajali, si baada yake.
2. Jamaa za aliyeumia waambiwe kwanza, nyumbani kwao, na mtu wanayemjua.
3. Tuseme tunalolijua tu, na tutaje saa ya kutoa habari nyingine.
4. Asilaumiwe mtu kabla ya uchunguzi, awe dereva au mkubwa.
5. Tukikosea, tujisahihishe siku ile ile.

Na kila mmoja wetu mwenye simu mfukoni, asipeleke habari ya kifo asiyoihakikisha.

Ndugu, reli ni chuma na mwili ni nyama, ajali zitatokea. Lakini mke wa mfanya kazi asisikie tena habari za mumewe sokoni. Tukiweza hilo tu, masomo yetu yatakuwa yamefaa.