Nyanya Nzima Haina Bei Yake: Chombo, Kipimo na Upotevu wa Mboga Mbichi



Mboga zikioza kabla ya kuliwa, lawama huenda haraka kwa barabara mbovu, ukosefu wa majokofu na mkulima asiye na elimu. Kila kimoja kina sehemu yake. Hoja yangu jioni hii ni nyingine: mboga zetu zinaoza kwa sababu katika biashara yetu hakuna anayelipwa kwa kuzifikisha nzima. Tukilirekebisha hilo, kreti, kivuli na chumba baridi vitapata maana. Tusipolirekebisha, tutaendelea kugawa kreti za miradi ambazo huishia kuwa viti vya vijiweni.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu, yaani tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hakiliwi. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 hupotea baada ya mavuno, kabla hakijafika kwenye maduka ya rejareja. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa nalo lilihesabu tani bilioni 1.05 zilizotupwa mwaka 2022 na kaya, migahawa na maduka, na kaya peke yake zilichangia asilimia 60. Matunda, mboga na mazao ya mizizi ndiyo yanayoongoza. Kwetu, sehemu kubwa ya mboga huharibika kabla ya kufika jikoni. Mama ntilie hatupi nyanya kwa kuwa imelainika. Hiyo ndiyo anayoitafuta kwa ajili ya rojo.

Mboga iliyovunwa haijafa. Imetengwa na mizizi iliyokuwa ikiinywesha, lakini inaendelea kupumua, kutumia sukari yake na kutoa joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka mara mbili au hata tatu. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Mchicha ukipoteza sehemu ndogo tu ya maji yake hunyauka, na mnunuzi huupita. Kwa hiyo saa za mwanzo baada ya kuvuna ndizo zenye thamani kuliko zote. Nyanya iliyochumwa asubuhi ikawekwa chini ya mti, na ile iliyoachwa juani hadi gari lifike mchana, hazitafika mjini zikiwa na umri mmoja, hata kama zimetoka kwenye mche mmoja.

Tuchukue Ilula, wilayani Kilolo. Nyanya zake hupakiwa kwenye Fuso au kenta, zikateremka Kitonga, zikapita Ruaha Mbuyuni, Mikumi, hapa Morogoro na Chalinze, hadi Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, kutoka kwenye ubaridi wa nyanda za juu hadi kwenye joto na unyevu wa pwani.

Chombo cha safari hiyo mara nyingi ni tenga au kasha la mbao. Tenga ni la bei rahisi, hutengenezwa kwa malighafi ya papo hapo, na likifika sokoni hakuna anayelidai. Ubaya wake ni kimo. Nyanya za chini hubeba uzito wa zote zilizo juu, na tenga likipandishwa juu ya tenga, mzigo hubebwa na nyanya zenyewe. Kila tuta la barabarani ni kipigo. Moja ikipasuka, maji yake hulowesha za jirani, na ukungu hupata pa kuanzia. Kreti ya plastiki hubeba kiasi cha kilo 20 hadi 25, ina matundu ya hewa, na kuta zake ndizo zinazobeba kreti ya juu. Hapo hakuna ubishi. Kwa nini basi mtu anayeyajua haya yote bado anachagua tenga?

Jibu liko kwenye kipimo. Kwa jumla nyanya huuzwa kwa tenga. Rejareja huuzwa kwa ndoo, kwa sado au kwa fungu. Bei hukadiriwa kwa macho. Dalali anaponunua tenga, faida yake ya kwanza iko kwenye ujazo: likivimba juu, likafunikwa nyasi na kukazwa kamba, amepata nyanya za ziada bila kuzilipia. Ni lumbesa ileile tunayoijua kwenye viazi na vitunguu. Hesabu ya dalali si ya kijinga, maana zile za bure zinafidia zilizopondeka. Anayezigharimia zote ni mkulima, ambaye hayupo sokoni kuona. Na pale ushuru, nauli na ujira wa mpagazi vinapotozwa kwa chombo badala ya kilo, kila mmoja anapata sababu nyingine ya kukijaza.

Sheria haijalala. Wakala wa Vipimo hupiga marufuku lumbesa na hutaka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Lakini ukaguzi wa barabarani hauwezi kushinda hesabu iliyokwisha kufanyika shambani. Mkulima mwenye nyanya zilizoiva, na gari moja tu lililokuja, hana ubavu wa kukataa lumbesa. Ubavu huo huupata akiwa na mizani, akiwa kwenye kikundi, na akiwa na mnunuzi wa pili.

Kreti nayo ina sharti ambalo wagawaji wake husahau: lazima irudi. Biashara ya soda ilishalitatua jambo hili. Mwenye duka huacha kreti yenye chupa tupu au huacha pesa yake, na hahitaji semina ili akumbuke kurudisha. Kreti za mboga zinahitaji utaratibu huohuo: amana, kituo cha kuzikusanyia sokoni, mahali pa kuzioshea zisirudi shambani na magonjwa, na muundo unaoziwezesha kuingiana zikiwa tupu ili gari la kurudi Ilula libebe nyingi.

Kuhusu baridi, tusikimbilie mitambo. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 hivi huumia. Haiivi vizuri na hupoteza ladha. Kabichi na karoti hupenda karibu na sifuri. Nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, inayozifanya mboga za majani kuwa za njano. Kuzirundika zote katika chumba kimoja ni kulipa pesa ili uharibu. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa ubunifu wa chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Maji yanapokauka huondoka na joto. Njia hiyo inafaa Dodoma na Singida, penye hewa kavu, lakini kwa unyevu wa Dar es Salaam haitasaidia sana. Kwa soko la mjini, Nigeria hiyohiyo ina kampuni ya ColdHubs, inayoweka sokoni vyumba baridi vya umeme wa jua, na mchuuzi hulipia kwa kreti kwa siku. Pale pia biashara ya baridi imesimama juu ya chombo kinachohesabika.

Hata tukifanya yote haya, kuna wiki ambazo kila shamba linavuna, bei inashuka chini ya gharama ya kuchuma, na nyanya zinaachwa zioze kwenye miche. Hapo dawa ni kupishanisha tarehe za kupanda, kutumia mbegu zinazostahimili safari kama Tanya, iliyotolewa Tengeru mwaka 1997, na kukausha. Wagogo wamekausha mlenda tangu zamani. Ujuzi wa kuanzia tunao.

Mwaka 2014, mjini Malabo, viongozi wa Afrika waliahidi kupunguza upotevu baada ya mavuno kwa nusu ifikapo 2025. Muda ulipowadia, lengo la nusu lilirudi tena Kampala, safari hii hadi 2035. Sisi wenyewe tuna Mkakati wa Taifa wa kudhibiti upotevu huo, wa 2019 hadi 2029. Maazimio hatujapungukiwa.

Naomba basi mambo matatu. Halmashauri zitoze ushuru kwa kilo, na kila kituo cha kukusanyia mazao kiwe na mizani iliyohakikiwa, inayoonekana na muuzaji na mnunuzi. Shule, hospitali na hoteli ziandike mikataba inayolipia kilo zilizopokelewa nzima, na zimlipe zaidi anayeleta kwenye kreti. Sisi wanachuo tuwafuate madalali na madereva badala ya kuwafuata wakulima peke yao kama tulivyozoea, kwa kuwa nyanya hukaa mikononi mwao tangu inapotoka shambani hadi inapoingia sokoni. Na kwa kuwa majiko ya vyuo vyetu hununua mboga kila siku, Mheshimiwa Makamu wa Mkuu wa Chuo, naomba tuanzie hapo: zabuni ijayo ya mboga iandikwe kwa kilo.