Baragumu ya Yubile na Msalaba wa Kristo

Hotuba ya katibu wa kwaya, kwa niaba ya wanakwaya wote



Tunamshukuru Mungu kwa miaka 50. Wengi wetu tuliovaa sare leo tulizaliwa tukaikuta kwaya hii ikiimba. Baadhi ya walioianzisha tumeketi nao hapa, na wengine wametangulia mbele za Bwana. Kabla hatujaendelea na nyimbo, tunaomba tuulizane jambo moja: yubile ni nini?

Neno hili tumelipata katika Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 25. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba katika mwaka wa 50, mtu aliyeuza shamba kwa sababu ya umaskini arudishiwe, na aliyejiuza kuwa mtumwa aende kwa jamaa yake akiwa huru. Sisi watu wa Trans Nzoia tunaujua uzito wa jambo hilo. Nchi hii ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Wengi wa babu zetu waliyalima kama vibarua, na baada ya uhuru wakachanga pesa kidogo kidogo ili wapate ekari chache. Tunajua mtu anavyolilinda shamba, na tunajua anavyolia likimtoka mkononi. Sasa fikirini mtu aliyekwisha kulipoteza anaambiwa: rudi, ni lako tena. Wala hajalipa hata shilingi.

Lakini tuisome vizuri aya ya 9. Baragumu ya yubile haikupigwa siku yoyote tu. Ilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ambayo kuhani mkuu aliingia patakatifu na damu ya sadaka kwa ajili ya dhambi za watu. Siku ya damu ndiyo iliyokuwa siku ya uhuru. Watu hawakufunguliwa kwa sababu walikuwa wamejitahidi miaka 50. Walifunguliwa kwa rehema ya Mungu.

Wapendwa, upatanisho huo Kristo aliukamilisha msalabani, mara moja tu. Deni letu la dhambi lililipwa pale. Ndiyo maana Paulo anawafundisha Waefeso, sura ya 2, kwamba tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala mtu hana la kujivunia. Mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu hakuwa na sadaka ya kutoa wala muda wa kutumika kanisani. Alichofanya ni kumgeukia Yesu na kumwomba amkumbuke. Siku ile ile aliahidiwa peponi.

Hapa neno linatuhusu sisi wanakwaya kwanza. Mpiga baragumu halipi deni la mtu yeyote. Kazi yake ni kutangaza kwamba limelipwa. Na kama shamba lake mwenyewe liliuzwa, yeye pia anahitaji kurudishiwa kama jirani yake. Mtu anaweza kujua sauti yake barabara, awe soprano, alto, tena au besi, asikose mazoezi hata mvua inaponyesha kutoka Mlima Elgon, na bado asiwe amemwamini yule anayemwimba. Miaka 50 ya kuimba habari za msalaba haiwezi kuchukua nafasi ya msalaba.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Suam walikumbushwa jambo hili zamani. Mwaka 1929, Dakta Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliofuata ulienea Rwanda, Uganda, na ukafika Kenya. Ujumbe wake uliwagusa sana watu waliokuwa tayari ndani ya kanisa: waliobatizwa, walimu, wafanyakazi wa hospitali. Waliitwa watubu na kuja msalabani kama wenye dhambi wengine. Kutoka Kiganda tukapata neno mlokole. Maana yake ni aliyeokolewa. Hakujiokoa mwenyewe.

Je, basi kuimba ni bure? La, hasha! Someni Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila waliimba usiku gerezani Filipi, migongo ikiwa na majeraha, na wafungwa wengine wakawa wanasikiliza. Kabla ya mapambazuko, askari wa gereza alikuwa anauliza namna ya kuokoka. Hawakumpa orodha ya kazi. Walimwambia amwamini Bwana Yesu. Kisha tazameni alichofanya: aliwaosha majeraha watu wale wale aliowafunga miguu. Imani ilitangulia, matendo yakafuata. Endebess, ambako mwaka 2008 palikuwa na kambi ya watu waliokimbia makwao, tunahitaji sana imani ya namna hiyo, inayomfanya mtu amwoshe jirani yake majeraha bila kuuliza kabila lake.

Kwa hiyo, wanakwaya wenzetu, tuimbe kama watu waliorudishiwa shamba. Na wewe uliyekuja kutusikiliza, hata kama huijui solfa na sauti yako haishiki wimbo wowote, mlango ni ule ule tulioingilia sisi. Tubu, umwamini Kristo aliyekufa na kufufuka kwa ajili yako. Usingoje ibada iishe. Wazee na mchungaji wapo tayari kuomba pamoja nawe leo.

Mungu aibariki kwaya yetu, alibariki kanisa letu, na awabariki nyote. Amina.