Juu ya Kuzipanga na Kuziandika Picha za Chama Chetu

Hotuba ya Katibu katika mkutano wa sikukuu ya miaka 10



Kamati ilipotuagiza kukusanya picha za kitabu hiki, sisi wa ofisini tulidhani ni kazi ya juma moja. Imetuchukua miezi mitano. Twaanza basi kwa kuomba radhi, maana wengi wenu mlikuja kuuliza kitabu ki wapi, na jibu letu likawa lile lile, ya kwamba picha bado zapangwa. Yafaa leo tueleze kilichotuchelewesha.

Picha zenyewe hazikukosekana. Zamani mpiga picha alikuja kutoka mjini na kamera yake moja, na alipoleta picha zilizosafishwa, mtu aliweza kuandika kwa kalamu nyuma ya kila moja. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Tulipokea picha kutoka kwa watu 17: bwana shamba, karani wa mizani, vijana wa sekondari, mpiga picha wa arusi tuliyemwajiri siku ya kufungua ghala, hata dereva wa lori. Wengine walileta kadi za kamera, wengine flashi, na walio wengi walituma kwa WhatsApp.

Taabu ya kwanza ilikuwa majina. Kamera nyingi huzitaja picha kwa kanuni moja: alama nne, kisha tarakimu nne, kutoka 0001 hata 9999, halafu huanza tena. Basi tukajikuta na picha tatu ziitwazo IMG_0042. Moja ilikuwa ya mkutano mkuu wa kwanza, ya pili ya gunia la kahawa, na ya tatu ya mbuzi wa dereva. Tulipozitia katika jalada moja, kompyuta iliuliza kama twataka picha mpya ichukue mahali pa ile ya kale, na karani wetu, kwa haraka ya saa za kufunga ofisi, akajibu ndiyo. Mkutano mkuu ukatoweka, akabaki mbuzi. Bahati njema mwenye kadi alikuwa hajaifuta.

Tangu siku hiyo kila mpiga picha ana jalada lake, na nakala ya asili haiguswi na mtu. Ile tunayoifanyia kazi hupewa jina jipya: mwaka, mwezi, siku, mahali, herufi za mpiga picha, na namba. Mwaka hutangulia kwa sababu kompyuta hupanga kuanzia kushoto. Ukitanguliza siku, tarehe 3 Machi itakaa ubavuni mwa tarehe 3 Oktoba, na msimu mzima utavurugika.

Taabu ya pili ilikuwa tarehe, na hapa twaomba mtuvumilie, kwa kuwa nusura tuwadhulumu wenzetu.

Ndani ya faili ya picha mna maandishi yasiyoonekana usoni: siku na saa ya kupigwa, aina ya kamera, na mara nyingine mahali penyewe. Utaratibu huo, uitwao Exif, ulitungwa na Wajapani mwaka 1995. Lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo huondolewa. Tarehe mnayoiona katika jina la picha ya namna hiyo si ushahidi wa siku iliyopigwa. Anayetaka kututumia picha na aitume kama hati, au alete simu yenyewe.

Sasa, katika rasimu ya kitabu tulikuwa na picha nzuri ya vichanja vya kukaushia kahawa katika chama kimoja cha msingi cha huko juu mlimani. Chini yake tukaandika ya kwamba vilijengwa kwa mkopo wa Chama Kikuu. Tulipoisoma rasimu mbele ya wajumbe, mzee mmoja wa chama hicho akasimama, akasema, "Vichanja hivi tulivijenga wenyewe, wala hamjatupa hata senti moja." Mtakumbuka ya kwamba mkutano mkuu uliazimia kurudisha bei ya mbao kwa chama chochote kilichojenga kwa nguvu zake kabla ya mkopo. Kwa hiyo maneno yetu mawili matatu chini ya picha yangaliwanyima wazee wale haki yao.

Tukaifungua picha. Ilikuwa ya kamera ya bwana shamba, nayo ilisema 1 Januari, tena ya mwaka ambao Chama Kikuu kilikuwa hakijazaliwa! Betri ilikuwa imekaa nje siku nyingi, na saa ya kamera ikarudi mwanzo. Wengine katika ofisi wakasema basi haina ushahidi wowote, na iachwe. Hatukuridhika. Tukatafuta kama kuna mtu mwingine aliyepiga picha siku ile, ndipo tukamkumbuka dereva, maana lori lake laonekana pembeni. Picha aliyokuwa ametutumia haikuwa na tarehe ya kutegemewa, lakini ya asili ilikuwamo bado katika simu yake, na simu hupata saa yake kutoka kwa mtandao. Katika picha zote mbili alikuwamo kijana yule yule, juu ya mti ule ule, nyundo imeinuliwa vile vile. Tukajua ni dakika moja.

Tukatoa tofauti ya saa hizo mbili, tukaiongeza katika kila picha ya kamera ile, mpaka pale betri ilipotolewa tena, kwa kuwa baada ya hapo hesabu ni nyingine. Vichanja vilikuwa vimekwisha siku 9 kabla ya hundi ya mkopo kutiwa sahihi. Mzee alisema kweli. Maneno yamebadilishwa, na bei ya mbao Kamati imekwisha kuipitisha.

Jambo la saa lina na kichekesho chake. Kijana mmoja aliambiwa kahawa ilianza kupimwa saa moja, akaandika 01:00. Kwa mashine hiyo ni saa saba usiku, nasi tungalionekana wezi wa kahawa yetu wenyewe. Saa moja ya asubuhi huandikwa 07:00.

Picha za watoto, na zile zionyeshazo hesabu za mtu au mahali pa nyumba yake, hatukuzitia bila ya ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatuhusu sisi pia. Nakala zote zakaa mahali patatu, na pamoja ni nje ya jengo hili.

Kazi iliyo nzito kuliko zote ilikuwa nyuso. Mashine yaweza kutaja siku. Haijui huyu ni nani. Tulichapa picha kubwa, tukatia namba juu ya kila kichwa, tukazunguka nazo kwa wazee. Mama aliyesimama penye mizani siku ya kwanza, vijana walikuwa wamemwandika "mke wa mwanachama". Wazee walitucheka: ndiye aliyekuwa karani wetu wa kwanza wa mizani, na mwanachama kwa hisa zake mwenyewe. Jina lake limo kitabuni sasa.

Yabaki moja. Katika picha ya kubeba boriti ya ghala wamo vijana wanne; wawili twawajua. Mzee aliyekuwa msimamizi wa ujenzi alituahidi kututajia waliobaki, akafariki kabla ya siku tuliyopatana. Picha hiyo imebandikwa mlangoni pa ukumbi, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Anayemjua mwenye kofia, au yule aliyegeuza uso, na aandike kabla hajaondoka leo.